Aliyetupokea hayuko kwenye listi

Maneno haya yalisemwa katika mukutano mukuu wa chama chetu, mbele ya kupiga kura juu ya kese nyekundu. Aliyeyasema ni mufanyakazi wa shirika moja ambaye anatembelea vikundi vyetu kati ya Butembo na Beni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

 

Komite iliniomba niseme juu ya namna majirani na marafiki wanavyosaidiana. Niliposoma barua nilicheka kidogo. Kumufundisha mutu wa Oicha ao wa Mbau namna ya kusaidiana na jirani ni kama kumufundisha mutu wa Kyavinyonge kuvua samaki. Ninyi munajua. Mimi nilikuja kujua nikiwa mukubwa, kisha kuharibu. Kwa hiyo sitawafundisha. Nitawaelezea habari za nyumba moja, halafu nitawaomba jambo moja.

Nyumba hiyo iko Butembo, komini ya Bulengera, karibu na barabara ya taifa namba 2, ile inayokwenda Beni. Ni nyumba ya udongo, vyumba viwili na saloni, bati juu, jiko inje. Mwenye nyumba ni mama mujane. Anauza sombe na mafuta ya mawese kwenye meza mbele ya mulango. Jina lake sitalitaja, juu hakunituma kusema habari zake.

Munakumbuka mwaka 2019. Tarehe 30 mwezi wa kumi jeshi letu lilianza operesheni kubwa katika pori la Beni, na ADF wakajibu kwa kuua raia, usiku kwa usiku, mwezi wote wa kumi na moja. Watu wakatoka Oicha, wakatoka Mbau, wakatoka Mavivi. Wengine walisimama Beni muji, wengine waliendelea mpaka Butembo. Na ilikuwa bado wakati wa Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukianzia Mangina, na ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ulikuwa umeshika watu 3470 na kuua 2287 kati yao. Njiani kulikuwa vizuizi vya kunawa mikono na kupimwa joto. Hatukusalimiana tena kwa mukono. Mugeni alikuwa anaogopwa mara mbili: unatoka wapi, na uligusa nani?

Ni katika mwezi uleule watu tisa walifika kwa mama huyu, wakitoka upande wa Mbau: baba, mama, koko mumoja na watoto sita. Hawakuwa ndugu zake. Walijuana juu ya mafuta. Mama wa Mbau alikuwa anamutumia bidoni za mawese kwa gari, yeye anauza, anarudisha feza. Uso kwa uso hawakuwa wameonana zaidi ya mara mbili.

Nataka mutazame namna walivyoomba, juu hapo ndipo kuna akili yetu. Hawakusema "mutusaidie". Yule mama alisimama mbele ya meza, mutoto mugongoni, akasema: "Mama, tulikuwa tunapita, tukasema tusipite bila kukusalimia." Na mwenye nyumba hakuuliza "munataka nini?" Alitazama miguu ya watoto. Akasema: "Huku iko baridi. Ingizeni batoto kwanza, tutaongea kisha." Ni hivyo tu. Kuomba kulikuwa ndani ya salamu, kutoa kulikuwa ndani ya jibu, na hakuna aliyeshusha macho.

Kitu cha kwanza alichotoa ni blanketi, juu mutu wa Mbau hajui baridi ya Butembo. Cha pili ni chumba kimoja kati ya vile viwili. Cha tatu, asubuhi yake, ni maneno: alikwenda kwa shefu wa avenyu akasema, "Bale ni bageni bangu." Kuanzia hapo hakuna mutu aliyewasumbua. Musaada huo wa tatu hauna bei, na mimi sijaona gari la shirika linaloweza kuuleta. Jirani wa upande mumoja alileta mukeka. Jirani wa upande wa pili, fundi wa pikipiki, alimuchukua kijana mukubwa wa familia ile awe anasafisha piesi.

Wageni nao hawakukaa mikono mitupu. Baba alipata kulima kwa siku, jioni analeta kidogo. Mama alikaa kwenye meza asubuhi ili mwenye nyumba aende kununua soko kubwa. Binti alisuka nywele za watoto wa avenyu. Koko, ambaye hakuwa tena na nguvu, alibaki anatazama watoto wa nyumba tatu. Sufuria ilikuwa moja. Mutu angewauliza nani anamusaidia nani, wangekosa jibu.

Kisha nilifika mimi.

Nilikuwa animatere katika shirika moja. Nilivaa jile, nilibeba tableti, na swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa hili: deplase ao mwenyeji? Ukijibu mwenyeji, fomu inafungwa. Niliandika wale watu tisa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mulangoni, mikono ina mafuta, akaniuliza polepole: "Na mimi, mwanangu?" Nikamujibu namna nilivyofundishwa: "Mama, programu hii ni ya wadeplase." Akasema: "Sawa." Munajua, mama wa kwetu akisema "sawa" kwa sauti ile, haiko sawa. Nilisikia. Nikaendelea nyumba ya pili.

Siku ya kugawa, wageni walirudi na unga, maharagi, mafuta, chumvi, shitingi na bidoni mbili. Walileta vyote katika jiko, wakapika kwenye sufuria ileile. Lakini watu walikuwa wameona. Kwenye bomba la maji wakaanza kusema: "Bageni bake banakula musaada, yeye anauza sombe." Wengine wakasema ya kinyume, kwamba amepewa feza kwa siri kwa kuwalaza, ndiyo maana alikuwa na huruma. Mwenye nyumba akaanza kuhesabu mambo aliyokuwa hahesabu: kuni, sabuni, choo kinachojaa. Mama wa Mbau akamupa nusu ya unga. Akakataa: "Ni yenu, ninyi njo muliandikwa." Mbele ya Noeli wale tisa walihamia katika chumba cha kupanga, na wamama wale wawili hawakusalimiana tena.

Ningeweza kusema ni kosa la fomu. Lakini fomu haina macho. Mimi nilikuwa nayo.

Miaka ikapita. Mwezi wa sita 2024 M23 wakachukua Kanyabayonga, na watu wakakimbia tena kuja Lubero na Butembo, mara hii wakitoka kusini. Nilipita katika avenyu ileile kutafuta nyumba za kupokea watu. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Nafasi iko, mwanangu. Roho njo haiko." Nyumba zingine za pale zilinijibu karibu namna moja. Watu waliolala usiku ule kwenye sakafu ya shule, kuna sehemu ya usingizi wao ambayo niliuza mimi mwaka 2019.

Nilijiuliza: kitu gani kilivunjika pale? Jibu nililipata kwenye kilio.

Wote munaijua kaye ya kilio. Mutu anafika, anaweka 1000 ao 2000 franga kwenye sahani, jina lake linaandikwa. Mwingine analeta muzigo wa kuni, inaandikwa. Mwingine mukungu wa ndizi. Mwingine hana kitu, lakini analala inje na wafiwa usiku mbili, na kila mutu anamuona. Kisha maziko familia inakaa, inafungua kaye, inasoma. Mugeni wa mbali anaweza kufikiri tunatafuta ni nani hakutoa. Hapana. Tunasoma ili tujue ni wapi tutakwenda siku kilio kitakapofika kwao.

Kaye ile si kitabu cha madeni. Deni lina kiasi na tarehe. Kaye inaonyesha zamu, na zamu inangojea nguvu yako irudi. Uliniletea kuni, mimi nitakuletea maji, ao mwanangu atakubebea mugonjwa mwaka kesho. Huruma peke yake inachoka kisha siku tatu, tunaijua. Zamu ndiyo inafanya mutu avumilie wageni tisa miezi miwili. Na mutu ambaye anapokea siku zote bila kupata zamu ya kutoa, anaanza kupita njia ya nyuma ili asikutane nawe.

Katika nyumba ile ya Bulengera zamu ilikuwa inazunguka kila siku, asubuhi na jioni. Nilipoingia na tableti yangu, niliwaambia bila kulisema: hawa ni watu wa shida, na wewe si kitu. Nilikata zamu katikati, na vilevile nilimunyanganya mama wa Mbau kitu cha kurudisha, juu unga aliokuwa nao sasa ulikuwa na jina la mutu mwingine.

Wakati uleule niliona pia namna ya kufanya vizuri. Mama akilazwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, mutoto wake mudogo anabaki na nani? Jirani aliogopa kumubeba, na hakuwa na kosa kuogopa. Basi Beni na Butembo, karibu na vituo, UNICEF na wenzake walitengeneza makao ya watoto, na waliowabeba watoto wale ni watu walioponyeshwa Ebola wenyewe, juu mwili wao ulikuwa umekwisha kupata kinga. Wale ambao avenyu ilikuwa inawakimbia, ndio walioshika watoto ambao hakuna mutu alithubutu kuwashika. Hakuna aliyewaambia wakae pembeni wapokee tu. Walipewa zamu.

Sasa tuje kwenu. Ninyi mulirudi. Wengine mwaka huu, wengine zamani kidogo, wengine mulirudi, mukakimbia, mukarudi tena. Musaada wa mashirika mara nyingi unamufuata mutu anapokimbia, na siku anaporudi unamupoteza njiani. Mulikuta nyumba bila mulango, shamba la kakao limekuwa pori, alama za mupaka zimepotea. Kukata matawi na kutoa majani ya chini ni kazi ambayo mutu mumoja hawezi kumaliza, na kwenda shamba peke yako bado ni hatari. Ndiyo maana vikundi vyenu vya kwenda shamba pamoja, leo kwangu, kesho kwako, mimi naviweka mbele ya kila kitu ambacho shirika letu limewaletea.

Juu ya kuomba, acheni niseme kidogo yale niliyoyaona kwenye vikundi. Anayesaidiwa upesi ni yule anayeomba mapema, na anaomba kitu chenye jina. Hasemi "nimekwisha, munisaidie". Anasema "nikopeshe panga lako siku mbili, Jumamosi linarudi." Mwenye panga anajua atakosa nini na kwa siku ngapi, na kukubali kunakuwa rahisi. Tena hagongi mulango mumoja kila mara, hata kama mulango ule ni wa rafiki. Rafiki naye anachoka, na ataona haya kukuambia. Na Jumamosi ikifika panga limevunjika, anakwenda kulisema mbele ya kutafutwa. Urafiki mwingi niliouona ukifa katika vikundi, kilichouua si deni. Ni kimya.

Kuna baba mumoja wa kikundi kimoja aliyeona haya kusema kwamba watoto wake wamefukuzwa shule. Akaenda kwa watu wa lamberi, wanaokopesha kwa faida ya kila mwezi. Siku aliyokuja kulisema kwenye kikundi, bati za nyumba yake zilikuwa zimekwisha kubebwa. Wote wakamuambia: "Baba, ungesema, tungekupa." Nilikuwa pale, na naamini wangempa. Lakini watoto wale walikuwa wanashinda nyumbani wiki tatu, avenyu yote inawaona. Ni nani alipita kuuliza? Kuomba si kazi ya mwenye shida peke yake. Jirani pia anaweza kuanza, kama yule aliyetazama miguu ya watoto.

Na anayetoa, atoe bila kupiga picha. Asimulazimishe mutu kuelezea tena namna watu wake walivyouawa ili apate sahani ya unga. Kama hana, aseme hana, lakini amukaribishe mutu akae, wanywe chai. Mutu anaweza kurudi nyumbani bila kitu na bila aibu.

Sasa ombi langu, kisha nitakaa.

Katika MUSO zenu kuna kese tatu. Ya kijani ni ya akiba na mukopo. Ya buluu inapokea feza za inje. Nyekundu ni ya taabu: ugonjwa, kifo, nyumba kuungua, na kinachotoka mule hakirudishwi. Mpaka leo nyekundu ni ya memba tu. Swali la leo ni kama inaweza kumufikia mutu asiye memba, yule aliyemulaza memba wetu wakati wa kukimbia, siku akifiwa ao akilazwa hospitali.

Nimesikia wasiokubali. Mama mumoja alisema: "Kese ni ndogo, na sisi wenyewe hatujashiba." Mama, una haki, na nawaomba wengine wasikujibu kwa kelele. Kese ikikauka na memba akaugua usiku, hakuna hotuba yangu itakayolipa dawa. Kwa hiyo sisemi mufungue mulango wote. Wekeni sehemu ndogo kila miezi mitatu, ikiisha, imeisha. Asiipeleke komite. Aipeleke memba mwenyewe aliyepokelewa, kwa mukono wake, na aongeze hata ndizi tatu za kwake. Na iandikwe kwenye kaye kwa neno "kurudisha". Musiandike "musaada".

Kwenu wafadhili, nasema kwa heshima. Kila mwaka munatuuliza wanufaika ni wangapi. Nawaomba siku moja mutuulize: katika nyumba hii, watu wangapi wanakula kwenye sufuria moja? Kama sufuria ni moja, muandike nyumba moja, mwenyeji na mugeni pamoja. Miaka hii yote, sehemu kubwa ya watu waliokimbia Beni na Lubero hawakulala kambini. Walilala kwa watu, na chumba kile hakimo katika raporo yoyote niliyoandika. Munapotuma feza katika kese ya buluu, musizifunge kwa neno "wadeplase", wala kwa neno "waliorudi". Muache kikundi kijue jirani yake ni nani.

Namaliza na yule mama wa Mbau. Yeye pia alirudi kwake. Si zamani sana alinisimamisha njiani na mukungu wa ndizi na bidoni ya mawese: "Weye unapita na gari. Unipelekee kule Bulengera." Nilifurahi sana. Nilifikiri nimepata njia ya kutengeneza nilichoharibu. Nilifika, nikashusha vitu, nikavisimamisha kando ya meza. Mwenye nyumba alifungua bidoni, akatia kidole, akatazama rangi. Aliyajua mafuta yale. Kisha akafunga, akasema: "Rudisha. Umuambie alete mwenyewe. Siku ile hakuja na gari ya shirika."

Nilirudisha bidoni na ndizi mpaka Mbau. Nilikuwa na haya, njia yote sikujua nitasema nini. Mama wa Mbau alinisikiliza, akakaa kimya kidogo, akauliza:

"Alisema nilete?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hakukataa."

Kisha siku chache alipanda gari, bidoni katikati ya miguu, ndizi juu. Sikuwa pale walipoonana, na ni vizuri kwamba sikuwa.

Makaratasi ya kura yako kwa sekretere.